Jiwe halidundi majini? Soma dalili, tafuta chanzo

Mtu akirusha jiwe bapa majini likazama, kwanza hutafuta jiwe jingine, kisha hurusha kwa nguvu zaidi. Mara nyingi kosa haliko kwenye jiwe wala kwenye nguvu. Liko kwenye namna jiwe lilivyokaa lilipogusa maji mara ya kwanza. Mguso huo huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na yote yanayofuata, iwe midundo kumi au chubwi moja, yameshaamuliwa humo. Kwa hiyo hapa tutaanza na kile unachokiona kwa macho: maji yameruka vipi, jiwe limeinuka vipi, na limeishia wapi.

Neno moja la fizikia kabla ya dalili. Jiwe halielei, ni zito kuliko maji ya ujazo uleule mara mbili na nusu hivi. Linabebwa kwa sababu linayasukuma maji chini na mbele, nayo maji yanalisukuma juu na nyuma. Kani hiyo hukua kwa mraba wa kasi, na hukua pia kadiri eneo lililolowa linavyoongezeka. Chukua jiwe la gramu 100 linalokwenda mita 10 kwa sekunde, na tuseme sehemu iliyogusa maji ni sentimita za mraba 10 tu. Hesabu ya haraka inatoa makumi ya nyutoni, ilhali jiwe lenyewe lina uzito wa nyutoni 1. Nguvu za kulirudisha juu zipo tele. Kazi yako ni kuzielekeza.

Dalili: linazama palepale

Hii ndiyo dalili ya kila anayeanza, na ina vyanzo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Maji yaliyoruka ndiyo yatakayokuambia ni kipi.

Kama maji yametawanyika mbele na jiwe limepotea kama aliyepiga mbizi, ukingo wa mbele ulitangulia kuingia. Jiwe linatakiwa kufika likiwa limeinua ukingo wa mbele, na ule wa nyuma ndio uguse kwanza. Kiasi gani? Christophe Clanet, Fabien Hersen na Lydéric Bocquet, watafiti wa Ufaransa, walitengeneza mashine ya kurusha visahani vya alumini, wakabadilisha pembe moja baada ya nyingine na kupiga picha za mfululizo. Matokeo yao yalichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2004: nyuzi 20 hivi kati ya uso wa kisahani na uso wa maji ndipo mguso unakuwa mfupi kuliko pembe nyingine zote, na kisahani kinadunda hata kwa kasi ndogo. Nyuzi 20 ni ngumu kuziona kwa jicho, kwa hiyo zitafsiri kuwa kimo: jiwe lenye upana wa sentimita 8 linapaswa kuwa na ukingo wa mbele uliopanda sentimita 2.7 juu ya ule wa nyuma. Ni pungufu kidogo ya upana wa vidole viwili. Wengi wanaodhani wameliinua jiwe hawajafika hata nusu ya hapo.

Chanzo cha kosa hili kiko kwenye kiganja. Ukirusha kwa ubavu, mkono ukiwa chini, jiwe limelala juu ya kidole cha kati, gumba likiwa juu yake na kidole cha shahada kimekumbatia ukingo. Kiganja kikigeukia mbele kabla jiwe halijatoka, ukingo wa mbele unashuka nacho. Kiache kitazame juu, kikiwa kimelegea nyuma kidogo, mpaka jiwe liondoke kabisa.

Kama maji yameruka wima, juu kama nguzo, jiwe lilishuka kwa mteremko mkali mno. Hapa hakuna siri, ni kimo cha mkono. Jiwe lililoachwa kwa ulalo kutoka mita 1.5 hufika majini likishuka kwa mita 5.4 kwa sekunde. Ikiwa kasi yake ya kwenda mbele ni mita 12 kwa sekunde, linaingia kwa mteremko wa nyuzi 24. Liachie kutoka nusu mita, kasi ya kushuka inakuwa mita 3.1 na mteremko nyuzi 14 au 15. Mkono uleule, jiwe lilelile, umepiga magoti tu. Anayerusha juu ya bega, kama anayelenga embe, analipa gharama hii kila mara, tena anaongeza nyingine: jiwe halipati mzunguko unaofaa.

Chanzo cha tatu ni mwendo hafifu. Maji hayakuruka sana, jiwe limeteleza kidogo kisha limemezwa. Kasi haikutosha kuzalisha kani ya kulibeba kabla halijajaa maji juu. Hapo ndipo, na hapo tu, ushauri wa "tupa kwa nguvu" una maana.

Dalili: linaruka juu sana mara moja, kisha kwisha

Wengi huifurahia hii kwa sababu inapendeza machoni. Jiwe linagusa, linapaa karibu usawa wa kiuno, halafu linaanguka na kuzama. Umeinua ukingo wa mbele kupita kiasi.

Maji hulisukuma jiwe kwa pembe mraba na uso wake wa chini. Likiwa limeinamishwa nyuzi 20, kwa kila sehemu 100 za kani inayokwenda juu, 36 hivi zinarudi nyuma kulipunguza mwendo. Likifika nyuzi 45, zinalingana: kiasi kinacholipandisha ndicho kinacholizuia. Jiwe lako limebadilisha mwendo wake wa mbele kuwa kimo, na kutoka kimo hicho linarudi majini likishuka karibu wima. Mdundo wa pili hauwezi kutokea. Shusha ukingo wa mbele kidogo kidogo, urushaji baada ya urushaji, mpaka mdundo wa kwanza uwe mrefu na wa chini. Ukiona jiwe linaambaa karibu na maji bila kupanda zaidi ya kimo cha goti, umefika.

Dalili: linadunda mara mbili tatu, linayumba, linalala ubavu

Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo lenyewe hasa. Mengine yote ni utangulizi. Aliyerekebisha pembe na kimo hufika hapa na kukwama, akiamini mkono wake ni dhaifu. Anachokosa ni mzunguko.

Fikiri kinachotokea kwenye mguso. Ukingo wa nyuma ndio uliolowa, kwa hiyo kani ya maji haipiti katikati ya jiwe. Inasukuma nyuma ya kitovu. Jiwe lisilozunguka litainuliwa nyuma, litainama mbele, na mguso unaofuata utakuwa ule wa kupiga mbizi tuliouona juu. Pembe yako nzuri ya nyuzi 20 inaishi kwa mdundo mmoja tu.

Jiwe linalozunguka halikubali kirahisi hivyo. Ni ile tabia ya pia wanayoizungusha watoto: ikiwa kasi, ukiigusa haianguki, inatikisika na kuendelea kusimama. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakiinami upande kilikosukumiwa. Kinainama pembeni, robo duara mbele ya hapo, na kwa polepole. Upole huo ndio wote tunaoutaka. Kiasi cha kuinama kwa kila mguso kinagawanywa na kasi ya mzunguko: ukizungusha mara mbili zaidi, jiwe linapoteza nusu tu ya lile ambalo lingepoteza kwenye mkao wake. Mzunguko hauliongezei jiwe kani ya kuinuka. Unahifadhi pembe, basi. Lakini pembe ikihifadhiwa kwa migusano kumi, umepata midundo kumi.

Utajuaje kama huna mzunguko wa kutosha? Litazame jiwe likiwa bado hewani, kabla halijagusa chochote. Jiwe lenye mzunguko mzuri linaonekana limetulia, kama sahani iliyogandishwa kwenye hewa. Lisilo nao linatikisa kingo zake, na hapo mchezo umeshakwisha, usisubiri maji.

Mzunguko unatoka kwenye kidole cha shahada. Bega na kiwiko vinatoa mwendo wa mbele. Kifundo cha mkono kinafyatuka mwishoni, na jiwe linabingirika kwenye kidole kinachokumbatia ukingo wake. Ukingo ukiondoka kidoleni kwa tofauti ya mita 2.5 tu kwa sekunde, jiwe la upana wa sentimita 8 litazunguka mara 10 kila sekunde. Si kasi ya ajabu, ila lazima kidole kiwe kimegusa ukingo mpaka dakika ya mwisho. Ukilishika jiwe kwa ncha za vidole vyote vitano, linatoka limekufa. Tafuta jiwe lenye kona ndogo au kijibonde ukingoni ambapo kidole kitakaa. Tofauti utaiona mara moja.

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji maji. Simama kwenye mchanga au nyasi, achia jiwe kwa kifundo tu, bila bega, umbali wa hatua mbili tatu. Likianguka likiwa limelala bapa na kuendelea kujizungusha pale chini, umeupata. Ongeza bega baadaye.

Dalili: linadunda vizuri lakini linapinda

Kama limepinda tangu mguso wa kwanza, lilitoka mkononi limelala upande. Uso wa chini ukielekea kushoto, maji yatalisukuma kulia, na kinyume chake. Rekebisha bega: wengi huinamisha kiwiliwili upande wa mkono unaorusha, na jiwe linainama pamoja nao.

Kama limekwenda sawa mwanzoni na kupinda kuelekea mwisho, hakuna kosa la kurekebisha. Ni kule kuinama pembeni nilikokueleza, kidogo kidogo kwa kila mguso, mpaka jumla yake inaonekana. Upande wa kupinda unafuata upande wa mzunguko, ndiyo maana jiwe la mtu wa mkono wa kushoto hupindia upande ulio kinyume na la mtu wa mkono wa kulia. Lenga ukilijua hilo. Na kwa sababu jiwe linaweza kugeuka mbali na mstari wako, eneo la kuwa wazi si mbele yako tu. Pembeni pia pasiwe na waogeleaji, mitumbwi wala ndege waliotua.

Dalili: midundo ya mwisho inabanana, umbali hauongezeki

Hii si hitilafu, lakini inaulizwa sana. Bocquet huyohuyo, katika makala ya mwaka 2003 kwenye American Journal of Physics, alionyesha kwamba kila mguso unagharimu kiasi cha nishati kinachokaribia kulingana. Nishati ya mwendo inakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi yenyewe haishuki kwa usawa. Tuseme jiwe lako lina nishati ya migusano 20. Baada ya 10, bado lina asilimia 71 ya kasi ya mwanzo. Baada ya 15, asilimia 50. Baada ya 19, asilimia 22. Urefu wa kila ruko unafuata kasi hiyo, ndiyo maana midundo ya mwanzo inaonekana kama mirefu sawa, halafu ghafla inabanana na kuwa mtetemo juu ya maji.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema na mbaya. Idadi ya midundo inafuata mraba wa kasi ya kuanzia: punguza kasi kwa nusu, unabaki na robo ya midundo. Ukipanda kutoka mita 8 hadi 12 kwa sekunde, idadi inazidi mara mbili. Lakini faida hiyo inaipata pembe iliyotulia tu. Jiwe linaloyumba likirushwa kwa kasi zaidi huyumba mapema zaidi, maana kani inayolipindua nayo imekua kwa mraba.

Amua pia unashindania nini. Kurt Steiner, Mmarekani, alipata midundo 88 kwa jiwe moja huko Pennsylvania mwezi Septemba 2013. Dougie Isaacs wa Uskochi alifikisha mita 121.8 huko Wales mwaka 2018. Hizo ni rekodi mbili tofauti na zinataka urushaji tofauti: wa idadi anataka jiwe lipae kidogo na kugusa mara nyingi, wa umbali anataka maruko marefu na migusano michache.

Dalili: umbo halikubali hata ufanyeje

Hapa sasa tuliseme jiwe. Bapa, la gramu 100 hadi 200, upande wa chini usiwe na mikwaruzo mikubwa. Duara kamili si lazima. Jepesi sana hewa inalipunguza mwendo na upepo unaligeuza. Zito sana mkono wako hautaweza kulipa kasi wala mzunguko, ingawa fizikia yenyewe haina ugomvi na uzito: mwaka 2023 Ryan Palmer na Frank Smith walionyesha kwa hesabu kwamba mawe mazito yenye tumbo lililopinda yanaweza kufanya ruko moja kubwa la kushangaza, kwa sababu yanakandamiza maji kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka idadi, achana nayo. Ukitaka kuwafurahisha waliosimama ufukweni, tafuta lenye umbo la kiazi.

Jiwe la mviringo kama mpira linadunda pia, ila lina masharti makali. Halina ukingo wa kuinua, kwa hiyo kinachobaki ni mteremko wa kuingia. Kanuni inayotumika ni hii: gawanya 18 kwa kipeuo cha pili cha wiani wa kitu (yaani uzito wake kwa ujazo uleule) ukilinganisha na maji, na jibu ni nyuzi ambazo hairuhusiwi kuzizidi. Kwa jiwe lenye wiani wa 2.6 unapata nyuzi 11. Ukilirusha kwa mita 12 kwa sekunde, inabidi liachwe chini ya sentimita 28 kutoka majini. Kwa risasi ya mzinga ya chuma ni nyuzi 6 na kitu, na bado wapiga mizinga wa merikebu walikuwa wakiidundisha juu ya bahari.

Barnes Wallis, mhandisi Mwingereza, alianza na gololi na beseni la maji mwaka 1942, na Mei 1943 mabomu yake yalidunda juu ya mabwawa ya Ujerumani. Yaliachwa kutoka mita 18, ndege ikienda kilomita 370 hivi kwa saa. Piga hesabu na utapata mteremko wa nyuzi 10. Yalizungushwa mara 500 kwa dakika, lakini usiige mzunguko ule. Ulikuwa wa kurudi nyuma, kwenye mhimili uliolala. Jiwe lako linazunguka kwenye mhimili uliosimama.

Mpira laini wa kuchezea unadunda kwa urahisi kuliko jiwe la mviringo, hata ukishuka kwa mteremko ambao ungelizamisha jiwe. Jesse Belden, Tadd Truscott na wenzao walieleza sababu mwaka 2016: ukigonga maji unabonyea na kuwa sahani, tena sahani iliyoinama. Unajitengenezea pembe yake wenyewe.

Dalili: jana ulidunda, leo hapana

Tazama maji. Pembe ya jiwe inapimwa dhidi ya uso wa maji mahali pale linapogusa, si dhidi ya upeo wa macho. Viwimbi vya kimo cha sentimita 3, vikiachana sentimita 30 kutoka kilele hadi kilele, vina mteremko unaofika nyuzi 17. Jiwe likikutana na upande wa wimbi unaolielekea, nyuzi zako 20 zimebaki 3 na ukingo wa mbele unachimba. Likiangukia upande wa pili, zimekuwa 37 na linapaa bure. Upepo mdogo tu unafanya hivyo, na ndiyo maana asubuhi na mapema, au nyuma ya mwamba unaokinga upepo, hakuna mfano. Mawimbi makubwa yenye mgongo mrefu hayana shida hiyo sana, kwa sababu mteremko wake ni mpole ingawa kimo chake ni kikubwa. Ukilazimika, rusha sambamba na mistari ya viwimbi, usiikate.

Kama bado hujui kosa liko wapi

Weka simu pembeni, karibu na usawa wa maji, kwenye picha za mwendo wa polepole za fremu 240 kwa sekunde. Chora mstari wa chaki kutoka katikati ya jiwe hadi ukingo mmoja kabla ya kurusha. Hesabu fremu kutoka mstari unapoelekea mbele mpaka unaporudi hapohapo: 24 ni mizunguko 10 kwa sekunde, na ukipata zaidi ya 48 rudi kwenye zoezi la mchangani. Kisha simamisha video kwenye fremu ya mwisho kabla ya mguso wa kwanza na upime kati ya ukingo wa nyuma na wa mbele. Mguso wenyewe utaupata kwenye fremu mbili tatu. Fanya vivyo hivyo kwa mguso wa pili: kama pembe ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili imeshuka, mzunguko haukutosha, kama zote mbili ni nzuri na jiwe bado limezama, kasi ndiyo iliyokwisha.